Dalali, Nyumba na Mpaka: Sheria Hufuata Ardhi, Haimfuati Mnunuzi



Busia ni jina moja lenye miji miwili. Mutukula ni hivyo hivyo. Mkazi wa miji hii hunywa chai Uganda asubuhi, akauza samaki au mahindi yake ng'ambo adhuhuri, na jioni akarudi kulala kwake. Koo nyingi zina ndugu, makaburi na mashamba pande zote mbili. Kwa maisha ya namna hiyo, si ajabu mtu akauona mpaka kuwa ni kizuizi cha barabarani tu, kinachovukwa kwa kuonyesha kitambulisho.

Katika biashara ya nafaka na nguo, dhana hiyo haina madhara makubwa. Katika ununuzi wa nyumba na viwanja, dhana hiyo hiyo imewafukarisha watu. Malalamiko yanayoletwa vituoni kuhusu nyumba hufanana kwa sura. Mlalamikaji alionyeshwa nyumba nzuri na dalali aliyemwamini. Alilipa arbuni kwa haraka kwa sababu aliambiwa kuna mnunuzi mwingine njiani. Akaja kugundua kwamba nyumba haikuwa ya aliyeiuza, au kwamba sheria ya upande ule haimruhusu kuimiliki kama alivyoahidiwa. Dalali anapoulizwa, hujibu kwamba yeye alionyesha tu.

Katika makala haya tunaeleza mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyachanganya. La kwanza ni sheria ya nchi gani inayoitawala nyumba. La pili ni dalali anamtumikia nani, na nani anayemsimamia. Anayeyafahamu haya kabla ya kutoa fedha hujiepusha na sehemu kubwa ya hasara tunazoziona.

Ardhi haina uraia wa mnunuzi

Wapo madalali wanaowaambia wateja kwamba kwa kuwa sisi sote ni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi raia wa nchi moja anaweza kununua ardhi katika nchi nyingine kama mwenyeji. Maneno hayo si kweli. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya, iliyoanza kutumika Julai 2010, ilifungua milango mingi ya biashara, kazi na huduma. Lakini kuhusu ardhi, Itifaki hiyo yenyewe inasema kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi na majengo vitaongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama. Kwa hiyo, ukivuka mpaka kununua nyumba, unaiacha sheria uliyoizoea nyuma yako.

Upande wetu wa Uganda, Katiba ya 1995 inasema kwamba ardhi ni mali ya raia wa Uganda. Inatambua aina nne za umiliki: wa kimila, wa kudumu, wa mailo, na wa ukodi wa muda maalumu. Asiye raia hawezi kupata aina tatu za kwanza. Anachoweza kupata ni ukodi, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inauwekea kikomo cha miaka 99. Kwa hiyo ndugu yetu wa Kenya au Tanzania anayeuziwa kiwanja cha kimila pembeni mwa mji wetu, akaambiwa kwamba sasa ni chake yeye na vizazi vyake, ameuziwa kitu ambacho sheria haiwezi kumpa.

Upande wa Kenya, Katiba ya 2010 nayo inamruhusu asiye raia kumiliki kwa ukodi tu, usiozidi miaka 99. Mkataba ukiandikwa kwamba umempa zaidi ya hapo, sheria huuhesabu kuwa umempa ukodi wa miaka 99 na si zaidi. Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo raia wengi wa Uganda hawalijui. Ardhi ya kilimo nchini Kenya husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi. Kuiuza au kuikodisha katika eneo linalodhibitiwa kunahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na bodi hiyo hutakiwa kuikataa idhini ikiwa anayepewa si raia. Ombi la idhini linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano yafanywe. Bila idhini, mapatano ni batili. Mnunuzi hubaki na haki ya kudai fedha zake kama deni, lakini nyumba hana. Kiwanja kilicho nje kidogo ya mji, katikati ya mihogo na migomba, kinaweza kuonekana kama mahali pa kujenga nyumba, na machoni pa sheria kikawa bado ni shamba.

Upande wa Tanzania, msingi ni mwingine kabisa. Ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu hupewa haki ya kuitumia kwa hati, mara nyingi kwa miaka 33, 66 au 99, au kwa hati ya hakimiliki ya kimila katika ardhi ya kijiji. Sheria mbili za 1999, ile ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji, ndizo nguzo za utaratibu huo. Asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliopitishwa na mamlaka ya serikali inayohusika. Nyumba ya kuishi tu, iliyonunuliwa kwa mwenye kiwanja cha kijijini kwa kupeana mkono, haimo katika njia hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe bei. Liwe hili: mimi, kwa uraia wangu, naruhusiwa kupata haki gani katika kipande hiki cha ardhi, na kwa muda gani? Dalali mwaminifu hulijibu swali hilo waziwazi, au hukuelekeza kwa wakili wa upande huo. Ukisikia jibu kwamba mambo hayo "tutayapanga mbele ya safari", hiyo ni dalili ya kwanza ya hatari.

Jina la kuazima

Mtu akishaambiwa kwamba hawezi kumiliki, baadhi ya madalali humpa njia ya mkato: andikisha kwa jina la rafiki, la shemeji, au la dalali mwenyewe, kisha muwe na karatasi ya siri inayosema kwamba mali ni yako. Tunawaomba sana msiifuate njia hiyo. Daftari la ardhi humtambua yule aliyeandikwa. Siku atakapofariki, warithi wake watakuja na cheti cha kifo na jina la baba yao katika daftari. Siku atakapodaiwa, benki itakuja na jina hilo hilo. Na siku mtakapokosana, karatasi ya siri mtakayoipeleka mahakamani itakuwa inakiri kwamba nyote wawili mlikusudia kuikwepa sheria, na mahakama kwa kawaida haziwasaidii watu kutekeleza mapatano ya namna hiyo. Ukodi halali, ulioandikishwa kwa jina lako mwenyewe, una thamani kuliko umiliki wa milele ulioandikwa kwa jina la mwingine.

Dalali anamtumikia nani?

Udalali ni kazi ya heshima, na ni ya zamani katika nchi zetu. Dalali mzuri anaujua mji, anajua nyumba ipi inauzwa na kwa nini inauzwa, na humwepusha mteja na miezi ya kuzunguka. Hatuandiki haya kwa kuwachukia madalali. Tunayaandika kwa sababu kazi yao husimama juu ya uaminifu, na uaminifu huo una kanuni zake.

Kanuni ya kwanza ni kwamba dalali ni wakala wa mtu fulani, na mtu huyo lazima ajulikane. Mara nyingi dalali ameajiriwa na muuzaji, naye kazi yake ni kumtafutia muuzaji bei nzuri. Hilo si kosa. Kosa ni kumfanya mnunuzi aamini kwamba dalali huyo ni mtetezi wake. Akipokea ada kwa muuzaji na pia kwa mnunuzi katika mauzo yale yale, ni wajibu wake kuwajulisha wote wawili na kupata ridhaa yao. Ada ya siri ni mwanzo wa hiana.

Kanuni ya pili ni kwamba wakala hajipatii faida ya siri kutokana na kazi ya aliyemtuma. Tuchukue mfano, ambao si wa mtu yeyote mahususi. Mwenye nyumba anataka shilingi milioni 40 za Uganda. Dalali anamwambia mnunuzi kwamba bei ni milioni 48. Mnunuzi analipa kwa mkono wa dalali, mwenye nyumba anapewa milioni 40 zake, na milioni nane zinabaki mfukoni mwa dalali, mbali na ada aliyopatana na muuzaji. Mitaani hiyo huitwa "cha juu", na wengi wameizoea hata wakaiona halali. Sheria ya uwakala haiitazami hivyo. Faida aliyoipata wakala kwa kumficha aliyemtuma ni ya aliyemtuma. Na kama dalali alimdanganya mnunuzi kuhusu jambo la kweli ili atoe fedha, suala linaweza kuingia katika jinai. Dawa yake ni nyepesi: muuzaji na mnunuzi wakutane ana kwa ana, bei itajwe mbele ya wote, na ada ya dalali iandikwe kando.

Kanuni ya tatu inahusu fedha zisizo zake. Arbuni si mapato ya dalali. Fedha ya mnunuzi ipite benki, kutoka akaunti ya mnunuzi kwenda kwa muuzaji aliyethibitishwa, au ishikwe na wakili mpaka masharti yatimie. Fedha taslimu iliyotolewa ndani ya bahasha, kwenye kibanda cha chai, bila stakabadhi, ni fedha ambayo hata mpelelezi hodari hupata taabu kuifuatilia.

Kanuni ya nne ni kusema kasoro anazozijua: kesi iliyoko mahakamani, mkopo wa benki juu ya nyumba, maji ya mvua yanayoingia kila msimu, mpangaji asiyetaka kutoka, jirani anayegombania mpaka. Dalali anayenyamaza ili auze leo huharibu jina lake kesho, na mji wa mpakani ni mdogo kuliko anavyodhani.

Nani anamsimamia?

Hapa ndipo tofauti ya nchi na nchi inapomdhuru mnunuzi zaidi, kwa kuwa huvuka mpaka akiwa na matarajio ya upande alikotoka.

Kenya ina sheria mahususi ya mawakala wa nyumba na ardhi, iliyotungwa katika miaka ya 1980, pamoja na Bodi ya Usajili wa Mawakala. Anayefanya kazi hiyo bila kusajiliwa anatenda kosa. Kwa hiyo mnunuzi aliye Kenya ana haki ya kuuliza nambari ya usajili na kuithibitisha kwa Bodi kabla ya mazungumzo kuendelea. Kwamba mitaani wapo wengi wasiosajiliwa hakuifuti sheria hiyo. Kunaongeza tu sababu ya kuuliza.

Uganda haina sheria ya namna hiyo inayomtaka kila dalali asajiliwe na bodi ya taaluma. Kipo chama cha hiari cha mawakala wa nyumba na ardhi chenye kanuni zake za maadili, lakini kanuni za chama humfunga mwanachama tu. Raia wa Kenya anayevuka kuja Busia ya Uganda akidhani kwamba kila mwenye kibao cha udalali amepita mbele ya bodi ya serikali, amekosea. Kwetu, kinachomfunga dalali ni mkataba mliouandika, sheria ya jumla ya mikataba na uwakala, na sheria ya jinai. Ndiyo maana mkataba wa maandishi na dalali mwenyewe si jambo la kupuuzwa. Sheria yetu ya Mikataba ya 2010 inataka mapatano yanayozidi thamani ya shilingi 500,000 yawe kwa maandishi, na ada ya udalali wa nyumba hufikia kiasi hicho bila shida.

Tanzania ilitoa amri mwaka 2025 inayowakataza wasio raia kufanya baadhi ya biashara, na udalali wa nyumba na ardhi umo katika orodha hiyo. Hilo linawahusu moja kwa moja vijana wetu wa Mutukula waliozoea kuwatafutia watu nyumba pande zote mbili. Anayevuka kufanya udalali huko bila kuwa raia wa Tanzania anajiweka katika hatari ya kushitakiwa. Mnunuzi anayemtumia mtu huyo naye anajifunga kwa wakala ambaye hana ruhusa ya kuifanya kazi hiyo.

Karatasi inayosema kweli

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nyumba, daftari ni la ardhi, na nakala ya hati aliyonayo muuzaji mkononi si badala yake. Hati inaweza kughushiwa, inaweza kuwa ya kweli lakini imeshawekwa rehani, au inaweza kuwa ya marehemu. Kwa ardhi iliyosajiliwa, ni lazima kufanya upekuzi rasmi katika daftari. Uganda, upekuzi hufanywa katika ofisi za kanda za Wizara ya Ardhi. Kenya, hufanywa katika masjala za ardhi, na kwa maeneo yaliyoingizwa katika mfumo wa Ardhisasa, ulioanza Nairobi mwaka 2021, hufanywa kwa njia ya mtandao. Tanzania, hufanywa katika ofisi ya Msajili wa Hati. Gharama ya upekuzi ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya nyumba. Afanye mnunuzi mwenyewe au wakili wake. Upekuzi ulioletwa na dalali ndani ya simu yake si upekuzi.

Kwa ardhi ya kimila, ambayo ni nyingi katika maeneo ya Busia na Tororo, huenda hakuna hati kabisa. Hapo daftari ni watu. Zungumza na majirani wa pande nne, wazee wa ukoo na kamati ya ardhi ya eneo, na utembee mpaka wote mchana kweupe mbele ya mashahidi. Muhuri wa mwenyekiti wa LC1 ni wa thamani kama ushahidi kwamba alishuhudia mauzo. Lakini muhuri huo haumgeuzi asiye mwenye mali kuwa mwenye mali. Tumeona watu wakiuinua muhuri kana kwamba ni hati, na tunasisitiza kwamba sivyo ulivyo.

Upande wa Mutukula, ulio katika eneo la Buganda, mnunuzi anaweza kukutana na ardhi ya mailo, ambayo mwenye hati ni mmoja na mwenye kibanja anayeishi juu yake ni mwingine. Anayenunua kibanja hanunui ardhi yenyewe. Ananunua haki ya kukalia, na uhamisho huo unahitaji ridhaa ya mwenye ardhi. Mwenye kibanja anayeuza bila kumpa kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua anatenda kosa la jinai, na mnunuzi anaweza kupoteza kila kitu. Naye anayenunua hati ya mailo bila kuwatazama walioko juu ya ardhi hiyo asidhani kwamba atawaondoa kwa nguvu. Wakaaji halali wanalindwa na sheria.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo husahauliwa mara nyingi. La kwanza ni mwenzi wa ndoa. Kwetu Uganda, ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke wa anayeuza. Kenya na Tanzania nazo zinailinda nyumba ya ndoa kwa namna zao. Dalali anayesema "mama hana haja ya kujua" anakuuzia kesi. La pili ni lugha. Mipakani mikataba huandikwa kwa Kiingereza, na wanunuzi wengi husema Kisamia, Kiteso, Kiganda au Kiswahili. Uganda inayo sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma: aliyemwandikia mtu wa namna hiyo waraka anapaswa kumsomea na kumfafanulia, kisha aandike jina na anwani yake juu ya waraka huo. Usione haya kusema, "Nisomeeni tena." Kidole gumba kilichowekwa juu ya maneno usiyoyaelewa kinaweza kukugharimu nyumba.

Polisi wanaweza nini, na hawawezi nini

Wananchi wengi hufika kituoni wakitaka polisi waamue nyumba ni ya nani, au wamshike dalali mpaka arudishe fedha. Ni vema tuseme wazi. Kuamua umiliki ni kazi ya mahakama, na kukusanya madeni si kazi ya polisi. Muuzaji aliyechelewa kukabidhi nyumba, au dalali mliyegombania naye kiasi cha ada, ni suala la madai. Njia yake ni mahakama, wakili, au upatanishi.

Jinai huanza pale palipo na udanganyifu, kughushi au wizi: mtu aliyeuza nyumba isiyo yake akijua, aliyetengeneza hati ya uongo, aliyepokea arbuni ya nyumba moja kwa watu watano, au aliyejifanya wakala wa mwenye nyumba hali hakutumwa. Kujipatia fedha kwa hila ni kosa katika nchi zote tatu. Uganda adhabu yake hufikia kifungo cha miaka mitano, na Kenya miaka mitatu. Kutoa taarifa ni bure. Ukitoa taarifa, usiondoke bila nambari yake: Uganda ni ya kitabu cha matukio, inayojulikana kama SD, Kenya huitwa OB, Tanzania huitwa RB. Bila nambari hiyo ni vigumu kufuatilia jalada lako.

Mpaka huongeza ugumu. Mtuhumiwa anayevuka upande wa pili hatufuatwi naye kwa miguu, kwa kuwa askari wa nchi moja hana mamlaka ya kukamata katika nchi nyingine. Zipo njia rasmi za ushirikiano wa majeshi ya polisi ya kanda hii, na tunazitumia, lakini njia hizo zinahitaji ushahidi na muda. Kwa sababu hiyo, toa taarifa mapema, katika kituo cha mahali fedha zilipotolewa au ahadi zilipofanywa. Hifadhi ujumbe wa simu, stakabadhi za fedha zilizotumwa kwa simu au benki, nakala ya mkataba, picha ya nyumba, na majina ya walioshuhudia. Usifute kitu kwa hasira.

Tunajua pia kwamba wengi hawaji. Mtu aliyeuza ng'ombe wake wote, au mjane aliyetoa akiba ya miaka kumi, huona aibu kusema kwamba alidanganywa. Wengine huogopa kwa sababu walijua kwamba walikuwa wakipita njia ya mkato. Ukimya huo ndio unaomwezesha tapeli kumpata mtu wa pili na wa tatu katika mtaa ule ule. Njoo useme. Hata kama fedha yako haitarudi, maelezo yako yanaweza kuiokoa nyumba ya jirani yako.

Neno kwa madalali

Kwenu madalali wa mipakani, tunasema nanyi kama majirani. Ninyi mnajua kabla yetu nani anauza mali ya ndugu yake, na hati ipi imezunguka mikononi mwa watu wengi. Mkatae kuzionyesha nyumba hizo. Wekeni ada zenu katika maandishi, mtaje mnamtumikia nani, msishike fedha za watu, na mvukapo mpaka mjue sheria ya upande ule kabla ya kuwaahidi wateja lolote. Mteja mmoja aliyelala salama katika nyumba mliyomtafutia atawaletea wengine.

Na kwako mnunuzi, kumbuka mpangilio huu: uraia kwanza, daftari la pili, ridhaa ya familia na ya mwenye ardhi la tatu, mkataba ulioueleweka la nne, na fedha mwisho. Anayekuhimiza uanze na fedha, mwache aende na huyo mnunuzi mwingine anayemsema. Dawati letu la uhusiano na jamii liko wazi kwa maswali kabla hujanunua. Tungependa kukupokea wakati huo, ungali na fedha zako mkononi, kuliko kukuandikia taarifa ya hasara baadaye.